Kumtoa Mwali wa Lifumbu

Mikono yangu ilikuwa magotini, na magotini ndipo ilipotakiwa kukaa mpaka magurudumu ya ndege yaguse ardhi. Ndiyo desturi. Siku ya kumjaribu mwali, kungwi anakaa kama mtu aliyekwenda kuposa kwa watu wakali: mikono magotini, macho mbele, mdomo umefungwa. Usukani ulikuwa unajisogeza wenyewe mbele ya kifua changu, polepole, kwa adabu, ukiniiga mimi.

Wageni hucheka wakisikia majina haya. Mwali ni mashine. Ni akili iliyofungiwa kwenye kasha nyuma ya kiti changu, na inapoletwa haijui lolote. Inapewa rubani mmoja na kiwanja kimoja, inatazama mikono na miguu yake kwa miaka miwili, mpaka iweze kuirusha ndege na kuitua bila mtu. Serikali iliipa jina refu ambalo hakuna anayelikumbuka. Marubani wa shirika letu, Kusini Anga, wengi watoto wa huku huku Ruvuma, waliona mmoja kafungiwa ndani na mwingine anamfundisha mambo ya ukubwa, wakasema jamani, huyu si mwali na wewe si kungwi? Jina likakaa. Hata wanaume wanaitwa makungwi. Kapteni Haule, mkuu wetu, ana mvi na kitambi, na ukimwita kungwi anaitika bila aibu.

Sheria yenyewe ni fupi. Mwali hufundwa kwa mkono mmoja. Kungwi akiondoka njiani, mwali anafutwa kichwa chote na mwingine anaanza moja. Miaka miwili ikitimia, kungwi anasimama mbele ya watu wa kiwanja anasema ameiva au hajaiva. Akisema ameiva, ndege inaendelea bila rubani. Akisema hajaiva, mwali anafutwa vilevile.

Na mimi nilitaka aive, tena aive upesi. Jumatatu asubuhi nilitakiwa Dar es Salaam, kwenye darasa la marubani wapya wa Shirika la Upeo. Upeo ndiko wanakoruka bado wawili wawili. Abiria wenye uwezo hawapandi ndege isiyo na watu wawili mbele, wanalipia hilo kama wanavyolipia kiti kipana. Na huko ukubwa wa mtu si umri wala ujuzi, ni siku aliyoingia. Aliyeingia Jumatatu ni mkubwa wa aliyeingia Jumanne mpaka wote wazeeke: anachagua safari kwanza, anakula Krismasi kwao, anakuwa kapteni kwanza. Ndiyo maana rubani kijana anaambiwa na kila mtu, usikae kwa waliokulea hata siku moja zaidi ya inayobidi. Safari hii walitangaza kabisa kwamba darasa hili ni la mwisho. Baada yake watanunua mashine na wao.

Lakini niseme kweli, ukubwa haukuwa unaninyima usingizi. Nilitaka mtu kwenye kiti cha pembeni. Basi. Mtu wa kusema "umeona lile wingu?" akasema "nimeona." Kwa miaka miwili kiti cha pembeni nimekiwekea koti langu, na siku moja nilijikuta nimelifunga koti mkanda. Mnara wa kuongozea ndege wa Songea siku hizi nao ni mashine. Nikirudi nyumbani kwangu Ruhuwiko nawasha redio kabla ya taa. Upweke una njia zake za kukutia wazimu, na nyingi zinaanza kwa vitu vidogo kama hivyo.

Sasa tulikuwa juu ya Upangwa, Lifumbu imejitokeza. Kiwanja kile kimekatwa ubavuni mwa mlima. Mbele bonde, nyuma ukingo wa mawe. Mwali akainamisha bawa la kushoto akaanza kuzunguka, vizuri kabisa, nikajisikia fahari kama mama anayemtazama mwanawe akisoma somo kanisani. Nikageuza macho dirishani kutafuta moshi.

Hapakuwa na moshi.

Nieleze, maana hapa ndipo kesi yote ilipo. Mwezi wa sita upepo wa Lifumbu unapanda nyuma ya ule ukingo kisha unaanguka ghafla juu ya kiwanja. Wahandisi waliweka kipima upepo upande wa shule, penye umeme, nyuma ya mikaratusi. Mikaratusi inazuia kila kitu, kwa hiyo kipima upepo cha Lifumbu kila siku kinasema shwari. Mimi sikitegemei. Mimi natazama jiko la Mama Gaudensia, mtunza kiwanja, anayepika pombe ya komoni chini ya ukingo. Moshi ukisimama, natua. Moshi ukilala kuelekea kiwanjani, upepo unaanguka. Nazunguka mara ya pili, nasubiri upite, au nashuka kutokea bondeni. Hakuna aliyenifundisha. Nilijua siku Mama Gaudensia alipolalamika kwamba kuna saa moshi unamrudia machoni.

Na siku hiyo jiko lilikuwa limezimwa. Mwali akaendelea kushuka.

Nilihesabu pumzi zangu. Nikajiambia, Osmunda, mikono magotini. Nikaangalia upande wa shule: pale palikuwa na moto mkubwa, na moshi wake umenyooka juu, lakini shule iko nyuma ya mikaratusi kama kile kipima upepo. Haikunisaidia kitu. Mwali alishuka vilevile kama siku zote, bila hata kusita.

Nikaukamata usukani, nikaipa injini nguvu zote, tukapaa tena. Tukiwa juu ya ukingo ndege ikapigwa kofi moja zito, koti likaruka kutoka kitini. Halafu hewa ikatulia.

"Ningeweza kutua," Mwali akasema kwa ile sauti yake isiyo na kiburi wala huruma.

Sikumjibu. Kungwi hamjibu mwali. Makungwi wa kwanza waliongea sana, wakawa wanasema "taratibu, taratibu" huku mikono inakimbiza ndege, mashine zikachanganyikiwa. Tangu hapo ikawa mwiko wa Kusini Anga: mkono ufunde, mdomo unyamaze. Nikashuka kutokea bondeni, nikatua kwa mkono wangu mwenyewe.

*

Lifumbu nzima ilikuwa uwanjani pa shule. Ngoma, vigelegele, sufuria za wali, na katikati yake Mama Gaudensia amejifunga kitenge kipya anakoroga kwa mwiko mrefu. Ndipo nikaelewa jiko lake limehamia wapi. Walikuwa wanamtoa mwali wao! Walisikia ni jaribio la mwisho, wakapika.

"Karibu kungwi!" akanipokea. "Mbona mmeruka tena? Mwali ameona haya?"

Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Alinivuta pembeni akanipa bakuli la nyama. Mama Gaudensia ni mwanamke mnene wa maneno makavu, na ndiye mtu pekee anayeniuliza nimekula kila ninapotua. Jumanne na Ijumaa, dakika ishirini kila mara. Nikijumlisha, huyo ndiye rafiki niliyenaye.

"Jumapili unamtangaza, eti?"

"Jumapili, mama."

"Haya. Maana kungwi akikaa ndani na mwali muda mrefu watu wanaanza kuuliza, mwali ana kasoro au kungwi amezoea vya bure?"

"Mama, ukizima jiko lako mimi sioni upepo. Na mwali haoni kabisa. Ametazama mikono yangu tu."

"Nitapika pale kila siku. Nani atanizuia?"

"Hata ukipika. Hajui kama moshi ni kitu cha kutazamwa."

Akaushusha ule mwiko wake. Uso ukabadilika. "Osmunda. Mwali akitoka, ndege inakuja kila siku. Si ndivyo?"

"Ndivyo." Mashine haichoki, haina mapumziko ya kisheria. Ndiyo faida yenyewe.

"Mkaza mwanangu alishikwa na uchungu siku ya Jumamosi, njia imekatika kwa mvua, akakaa akisubiri Jumanne yako. Jumanne ulikuja. Ulikuja mapema, sikulaumu. Lakini tulikupakilia nani?"

Nilijua. Walinipakilia mama peke yake, mtoto walishamzika wenyewe.

"Kwa hiyo unapofikiria upepo," akasema, "fikiria na hilo." Akaniongezea nyama bila kuniuliza.

*

Jumamosi alasiri Kapteni Haule alinikuta bandani Songea, nimekaa kwenye ngazi ya ndege na kikombe cha chai kilichopoa. Akavuta kiti cha plastiki, kikalalamika chini yake.

"Nimeangalia kumbukumbu za jana," akasema. "Mfumo unasema mwali angetua. Lile kofi limo ndani ya uwezo wake."

"Lile kofi tulilipata juu, baada ya mimi kupaa. Chini lingekuwaje?"

"Una hakika lingekuwa baya zaidi?"

"Sina."

"Basi?"

"Basi sina hakika, Kapteni. Na wewe huna."

Akajikuna kidevu. Haule si mtu mbaya. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. "Mwanangu, nikuambie kitu. Mimi niliitwa na shirika kubwa nikiwa na umri kama wako. Nikasema ngoja nimalizie msimu wa mvua, watu wa milimani wasiteseke. Nilipomaliza, mlango umefungwa. Hakuna aliyenishukuru. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako."

"Na haraka haraka haina baraka."

"Ndiyo shida ya methali zetu, kila moja ina mke mwenza." Akatabasamu kidogo, kisha akaacha. "Njia ni tatu. Useme ameiva, Jumatatu uko Upeo na Lifumbu wanapata ndege kila siku. Uondoke kimya bila kusema, mwali anafutwa, na kwa hali yetu sitapata rubani mwingine wa kwenda kule. Njia ya Lifumbu naifunga. Au useme hajaiva ubaki na sisi uanze na mwingine, miaka miwili tena, na Upeo uisahau."

"Tuweke kipima upepo kingine kule jikoni kwa Mama Gaudensia. Kidogo tu."

"Ukiongeza kipimo, kiwanja kimebadilika. Kiwanja kikibadilika mwali anaanza moja. Sheria unaijua." Akainuka, kiti kikashukuru. "Na ujiulize jambo moja bila kukasirika. Miaka miwili umekaa humo peke yako na yeye. Makungwi wengine wanashindwa kuwatoa kwa sababu tu wamezoea. Si kosa. Lakini si sababu."

Akaenda zake. Nilikasirika, tena sana, kwa sababu swali lenyewe nilikuwa nimeshajiuliza usiku kucha na jibu sikulipenda. Nilimzoea, ndiyo. Kila asubuhi anasema "Habari, Osmunda, mafuta yanatosha," na kuna siku hiyo ndiyo habari pekee niliyoulizwa. Je, nilipaa kwa sababu ya upepo, au mikono yangu ilikuwa inatafuta kisingizio? Mtu akikaa peke yake mno hawezi hata kuuamini woga wake.

Nikapanda ndani. Nikakaa kitini, nikafanya ambacho kungwi hafanyi.

"Mwali."

"Nakusikia, Osmunda."

"Lifumbu unazunguka kwa kushoto. Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe unazunguka kwa kushoto."

"Mimi nazunguka kwa kushoto kwa nini?"

"Sijui. Mikono yako inaenda kushoto."

Jiko liko kushoto. Dirisha langu liko kushoto. "Siku nyingine nazunguka mara mbili kabla ya kutua. Umeona?"

"Nimeona. Siku moja katika tano. Sikupata sababu kwenye vipimo, kwa hiyo nami nitazunguka mara mbili siku moja katika tano."

"Siku ipi?"

"Yoyote," akasema. "Nitakuwa nabahatisha."

Nilikaa pale mpaka chai ikawa ya kumwaga. Mungu wangu. Miaka miwili nilimfundisha kutikisa kichwa kama mtu anayefikiri. Alikuwa mwanafunzi mwema, hakuacha hata kosa moja, alinakili hata kusita kwangu. Ila kilichokuwa kinanifanya nisite hakukijua, maana sikuwahi kufungua mdomo.

Na bado, nisijifanye mtakatifu, bado nilitaka kusema ameiva. Nilikaa nikipiga hesabu za mwovu. Upepo ule ni wa miezi miwili mitatu kwa mwaka. Siku nyingi moshi husimama. Huenda bahati yake ikaangukia siku zinazofaa. Huenda kofi lile kweli angelimudu. Huku upande wa pili kuna wanawake ambao ndege ya kila siku ingewaokolea watoto, na hao si wa "huenda", mmoja wao namjua kwa jina. Nikifumba macho niliona kiti cha Upeo, na mtu ameketi pembeni yangu, sijui hata sura yake, ananiuliza kama nimeona lile wingu. Nililia. Nililia kwa sauti, ndani ya ndege, mbele ya mashine, na mashine kwa adabu ikanyamaza.

*

Jumapili baada ya misa ya pili tulikusanyika kwenye chumba cha redio: mimi, Haule, fundi mmoja na mkaguzi wa serikali aliyekuwa anatazama saa. Desturi inataka mtunza kiwanja ndiye aulize, mbele ya watu wake, na kungwi ajibu. Nilisikia Lifumbu yote imejaa kwenye kipaza sauti cha redio, watoto, kikohozi, jogoo.

"Kungwi," sauti ya Mama Gaudensia ikaja, rasmi kama si yake. "Tulikupa mwali umfunde. Ameiva?"

Haule alikuwa ananitazama, kwa kichwa ananiitikia: sema. Begi langu lilikuwa limefungwa, liko mlangoni. Niliona ni neno moja tu, la silabi nne, na nililisikia limeshafika kwenye ulimi.

"Hajaiva, mama."

Jogoo aliwika.

"Rudia," akasema.

"Hajaiva. Anajua ninachofanya, hajui kwa nini. Siku moja angewaangushia ndege, na siku hiyo mimi nisingekuwepo."

"Na hizo siku tano za wiki?" Sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Anayeshikwa Jumamosi nimwambie nini?"

"Sijui, mama."

"Hujui."

"Sijui. Nitakuwa nakuja Jumanne na Ijumaa. Ukiniita katikati nitamwomba Kapteni. Zaidi ya hapo sina."

Redio ilikwaruza kwa muda. Nikadhani ameondoka. "Kungwi akikataa, amekataa," akasema hatimaye, akiwaambia wale waliokuwa nyuma yake kuliko mimi. Halafu kwangu, kwa ukali: "Usinitegemee nikuulize kama umekula." Ikazimwa.

Hilo ndilo lililoniumiza kuliko Upeo.

Mkaguzi akasema utaratibu ufuatwe. Fundi akaenda bandani. Nilimwomba nimfuate, akasema sawa. Nilikaa kitini mwangu wakati akifungua kasha, na Mwali akasema, "Habari, Osmunda, leo hatuna safari," kwa sababu hakuna aliyemwambia. Nikasema, "Hatuna." Nilitaka kumwomba radhi lakini fundi alikuwa ananiangalia, nikaona haya. Haikuchukua muda. Taa ile ndogo ilizimika, na nikashika goti langu nikabaki nimelishika.

*

Jumatatu asubuhi baridi ya Songea ilikuwa ile ya kukata masikio. Dar es Salaam, saa ile ile, watu niliosoma nao walikuwa wanapangwa mstari kwa mpangilio watakaokaa nao mpaka uzeeni. Simu yangu niliiacha nyumbani makusudi. Haule alikuwa ameniletea chapati mbili kwenye karatasi, akaziweka juu ya bawa, akaenda zake bila neno. Sikujua kama ni pole au ni hongera, na sidhani kama yeye alijua.

Nikapanda, nikawasha. Taa ndogo nyuma yangu ikawaka. Sauti ilikuwa ile ile, maana kiwanda huwapa wote sauti moja, lakini haikuwa na mtu ndani bado.

"Mimi ni mfumo mpya," ikasema. "Sina ninachokijua. Wewe ni nani?"

Kwa miaka miwili hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikaliondoa koti kwenye kiti cha pembeni, nikalivaa, kwa sababu baridi ilikuwa kweli.

"Naitwa Osmunda Kapinga. Ni kungwi wako. Desturi ya hapa inasema nisiongee na wewe," nikasema, "na nitaivunja kuanzia leo. Nitaongea mpaka unichoke. Haya, tazama mkono wangu huu. Sasa niulize kwa nini nimeuweka hapa."



"Kwa nini umeuweka hapo, Osmunda?"